Pengo limebaki kama punje ya hindi: waya kwanza, jino bandia baadaye

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 41, mzaliwa wa Shinyanga, nimeolewa Ukerewe na nina duka la vitenge hapa Nansio. Niling'olewa gego la chini kulia nikiwa na miaka 15, na la kushoto nilipofika 30 hivi. Sasa nakula kwa taabu. Nyama naitafuna na meno ya mbele kama sungura, na kwa miaka mitatu hii meno ya mbele ya juu yameanza kuachana. Nimepata mwanya ambao sikuzaliwa nao. Nilitengenezewa meno bandia ya kuvaa na kuvua, yanacheza, nikayaacha kwenye glasi. Fundi alisema pengo la kulia limebaki kama punje ya hindi, hapakai jino. Nimeshauriwa niling'oe na la juu yake kwa sababu limeshuka. Mwingine anasema nifunge waya, lakini waya si za watoto? Halafu meno yangu yana rangi ya kahawia ya maji ya kwetu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada yangu. La haraka kwanza: hilo gego la juu usiling'oe. Ni zima, na bado lina kazi. Ukilitoa utakuwa na pengo juu na pengo chini, na meno jirani ya juu yataanza safari ileile ambayo ya chini yameshaimaliza.

Safari yenyewe unaijua kama umewahi kupanda daladala ya Igoma, pale Mwanza. Mmebanana wanne kwenye kiti cha watatu, mmoja anashuka Mabatini, na kabla gari halijaondoka wale watatu wameshajitanua. Akipanda mwingine akiomba nafasi ya yule aliyeshuka, haioni. Meno nayo hayapendi nafasi tupu, ila hayo huchukua miaka. Gego lililokuwa nyuma ya pengo linaegemea mbele. La mbele ya pengo linarudi nyuma kidogo. Na la juu, lililokuwa likikutana na lile lililotoka, limekosa wa kulizuia, linashuka. Gego la kwanza la chini huwa na upana wa milimita 11 hivi. Punje ya hindi ni milimita saba au nane. Hizo tatu au nne zilizoliwa ndizo zimemshinda fundi wako, na wala usimlaumu.

Nasema "gego la kwanza" kwa kubahatisha, lakini ukiniambia mtu aling'olewa gego la chini akiwa na miaka 15, mara nyingi huwa ndilo. Linaota mtoto akiwa na miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Mzazi anadhani nalo ni la utoto, likioza litakuja jingine. Haliji. Mwaka 1899 Mmarekani Edward Angle, mmoja wa waasisi wa fani yetu ya kupanga meno, alipoyagawa makundi ya namna meno yanavyokutana, alilichukua gego la kwanza kuwa kipimo cha mengine yote. Wewe umelikosa pande zote mbili.

Mezani hapa nina nakala ya plasta ya meno ya mgonjwa mwenye hali inayofanana na yako. Nikiyakutanisha ya juu na ya chini, gego la juu linazama ndani ya pengo la chini kama komeo kwenye tundu lake. Nikijaribu kulisogeza taya la chini pembeni, linagoma. Nikilazimisha, meno mengine yote yanaachana kwanza ndipo linapita. Hebu fikiria unakula na komeo hilo mdomoni. Kutafuna si kupanda na kushuka tu. Taya linashuka, linakwenda pembeni, linarudi likisaga, kama mama anayesaga ulezi kwenye jiwe. Ugali na sato vitapita bila mzunguko huo. Nyama ya ng'ombe, matobolwa makavu (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa), njugu mawe, hivyo vinataka kusagwa. Ndiyo maana umejifunza kulisukuma taya mbele na kutafuna kisungura bila kufundishwa na mtu.

Sasa meno ya mbele yameumbwa kukata, na kila moja limesimama juu ya mzizi mmoja mwembamba. Gego la chini lina mizizi miwili, la juu mitatu. Umeyapa meno ya mbele mzigo wa magego kwa miaka, nayo yanakimbilia nje.

Hapo kwenye mwanya naomba tukae kidogo. Kwetu mwanya ni urembo, na wa kuzaliwa sina ugomvi nao. Uliokuja mtu akiwa na miaka 38 mimi huuhesabu kuwa dalili. Mzigo ni sababu moja. Ya pili, ambayo karibu kila mara huandamana nayo, ni ugonjwa wa fizi. Jitazame kwenye kioo kwa tochi ya simu. Je, fizi zinatoka damu ukipiga mswaki? Meno ya mbele yanaonekana marefu kuliko zamani? Ukiliwekea kidole la juu kisha ukagonganisha meno, unalisikia linatikisika? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja tu, mfupa unaoyashika meno huenda umeanza kupungua, na kazi ya kwanza haitakuwa waya wala jino bandia, itakuwa fizi. Kumfunga waya mtu mwenye fizi zinazovuja ni kuuharakisha mfupa kuisha. Utasafishwa ukoga wa juu na ule uliojificha chini ya fizi, utafundishwa kupiga mswaki upya (wengi huona aibu hapa, na hakuna sababu ya kuona), kisha unaachwa miezi miwili mitatu, fizi zinapimwa tena. Nimeona mwanya ukipungua wenyewe kwa fizi kupona tu, kabla hatujafunga chochote. Upime na sukari. Kisukari kisichodhibitiwa na fizi ni maadui wa siku nyingi.

Na tafadhali, usije ukaufunga mwanya huo kwa raba. Kuna watu huvisha meno mawili ya mbele raba ndogo ili yakutane. Mzizi umechongoka kama karoti, kwa hiyo raba inateleza kuelekea juu, inaingia chini ya fizi, haionekani tena, na inaendelea kukata nyuzi zinazolishika jino mpaka linalegea. Mtu anakuja na meno mawili mazima yasiyo na tundu lolote, na yanang'oka kwa vidole.

Turudi kwenye swali lako: waya si za watoto? Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi na mfupa kuna tabaka la nyuzi, unene wake robo ya milimita hivi, na nyuzi hizo ziko hai. Ukilisukuma jino taratibu bila kuacha, upande unaobanwa mfupa unaliwa, upande unaoachwa mfupa mpya unajengwa, na jino linahama pamoja na makao yake. Uwezo huo hauishi kwa umri. Kinachobadilika kwa mtu mzima ni kwamba kazi huchelewa kuanza, taya halikui tena kwa hiyo hatuwezi kuliongoza kama la mtoto, na fizi zinataka ulinzi zaidi. Kwa kukadiria, jino husogea milimita moja kwa mwezi. Kuna wanaoniambia, "Daktari, kaza, nina haraka." Nikikaza, damu haifiki kwenye zile nyuzi, jino linakwama badala ya kusogea, na mzizi unaweza kufupika. Mwenye haraka ndiye hucheleweshwa.

Kwako lengo si kuyanyoosha meno yote yawe kama ya kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Ni kulisimamisha gego lililolala, kulirudisha juu lililoshuka, na kuyarudisha ya mbele mahali pake. Gego lililolala huvishwa pete ya chuma; meno ya mbele yake hubandikwa breketi, vile vibati vidogo vinavyoshika waya. Kisha inaingizwa springi, kipande cha waya cha sentimita mbili tatu hivi. Kabla haijanaswa, mkono wake umelala chini kuelekea fizini. Ninauinua kwa koleo ndogo na kuunasisha kwenye waya mkuu, na kwa kuwa unataka kurudi chini ulikotoka, unaligeuza gego lisimame. Siku mbili tatu utasikia jino zito, kama limelala usingizi mbaya. Baada ya hapo unalisahau mpaka siku ya kurudi. Kwa kawaida kazi hiyo peke yake ni miezi sita mpaka mwaka.

Gego linaposimama pia huinuka, linaanza kugongana na la juu kabla ya wenzake. Kwa hiyo kila unaporudi tunalipunguza kidogo kichwani, ganda la nje tu, bila ganzi. Tutatazama pia kwenye eksirei kama nyuma yake kuna jino la akili, lile gego la mwisho kabisa. Likiwepo na limebana, gego halina pa kurudi nyuma, na kama kuna jino la kung'oa mdomoni mwako pengine ni hilo.

La juu linategemea limeshuka kiasi gani. Milimita moja au mbili, tunalichonga na kulilainisha, basi. Likizidi hapo linapandishwa, na njia ninayoipenda ni skrubu mbili ndogo, unene usiofika milimita mbili, moja upande wa shavu na nyingine upande wa kaakaa, zikichomekwa kwenye mfupa kwa ganzi kidogo. Raba zinavuta jino kutoka kwenye skrubu kwenda juu. Watu hushtuka wakisikia skrubu. Kuchomekewa kunauma kidogo kuliko kung'olewa jino, na kwa kuwa skrubu haishikwi na zile nyuzi, haiendi popote, hivyo jino ndilo linalosogea. Mara nyingine moja hulegea, inachomekwa pembeni kidogo. Kazi ikiisha zinafunguliwa na tundu linajifunga.

Bila shaka utajiuliza kwa nini usiwekewe daraja tu, jino bandia lililoshikizwa kwenye majirani wawili, yakaisha. Nitakujibu kwa kosa langu mwenyewe. Nikiwa bado mgeni kazini nilimwekea baba mmoja daraja juu ya gego lililolala. Ili daraja liingie, majirani wawili lazima wasimame sambamba, na la kwake lilikuwa limeinama zaidi ya digrii 25. Nikalichonga sana upande mmoja ili kulilazimisha lifanane na mwenzake. Hakufikisha mwaka, akarudi shavu limevimba. Nilikuwa nimeufikia uhai wa jino, kile kiini chenye neva, na kwenye ile kona kati ya gego na fizi, mahali mswaki haufiki, chakula kilikuwa kimejenga. Kurudia kazi ile nilijilipia mwenyewe, na tangu siku hiyo gego lililolala silivishi kofia kabla halijasimama.

Meno yako ya kwenye glasi nayo yanacheza kwa sababu hiyohiyo: vishikizo vyake vimekumbatia meno yaliyoinama, ukiuma yanateleza. Huenda yalitengenezwa vizuri tu.

Nafasi ikipatikana ndipo tunachagua cha kuijaza. Jino la kupandikiza, lenye mzizi wa chuma cha titani, ni zuri, ila halina zile nyuzi. Linagandana na mfupa na halisogei tena maisha. Ukilipanda kabla ya kupanga meno umeweka nguzo pasipo pake. Kingine, jino likitoka mfupa husinyaa. Ukingo unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya mwaka wa kwanza. Kulia kwako ni miaka 26, kwa hiyo mfupa utapimwa na huenda ukahitaji kuongezewa. Kwa sababu hiyohiyo sikushauri tulivute gego la nyuma mpaka lizibe pengo lote, ingawa kwa kijana wa miaka 18 mwenye jino la akili zuri ningelifikiria: kwenye ukingo uliosinyaa ni kazi ya miaka miwili na zaidi, na fizi huenda zisikubali. Daraja juu ya magego yaliyosimama wima ni chaguo la heshima. Meno ya kuvaa na kuvua ni nafuu kuliko yote, na safari hii yatatulia. Upande wa kushoto, wenye miaka 11 tu, huenda ukahitaji kazi kidogo kuliko unavyodhani.

Kuhusu rangi ya kahawia, hayo ni madini ya floridi kwenye maji ya visima ya Shinyanga, wala si uchafu. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita; baadhi ya visima vya ukanda huo vimepita hapo. Huharibu ganda la jino wakati linatengenezwa ndani ya taya, mpaka mtoto afike miaka minane hivi. Unachokunywa leo hakikuongezei doa. Kwa waya, shida ni gundi. Tunalikwaruza jino kwa tindikali laini ili gundi ishike, na ganda lenye floridi nyingi halikwaruziki upesi. Daktari wako aliache muda mrefu zaidi, au alipige msasa kwanza, na kwenye magego atumie pete badala ya kubandika. Hata hivyo utadondosha breketi moja mbili zaidi kuliko mtu aliyekulia maji ya ziwa. Ikidondoka iweke kwenye karatasi, piga simu, usisubiri zamu.

Zamu zenyewe ni kila wiki nne mpaka sita, na kwa mtu wa Nansio hilo si dogo. Sema mapema unatoka kisiwani Ukerewe. Waya za siku hizi hubaki na nguvu muda mrefu, zamu za wiki nane zinawezekana ukishapita mwanzo, na siku ipangwe kufuata ratiba ya meli, usije ukalala mjini bure. Muulize daktari bei nzima kwa maandishi kabla hajabandika chochote: waya, skrubu kama zitahitajika, vishikizo vya mwisho vya kuyazuia meno yasirudi, na jino la kujazia pengo, maana wengi huweka bajeti ya waya tu, wakifika mwisho wana nafasi nzuri na hawana cha kuijaza, na nafasi inajifunga upya. Bima pia iulizwe mapema. Na uhakikishe anayekufunga ni daktari wa meno aliyesajiliwa na aliyesomea upangaji wa meno. Uliza hospitali za Mwanza, Bugando au ile ya mkoa, Sekou Toure, wakuelekeze. Waya za urembo zinazobandikwa saluni si tiba.

Chakula utakula chote isipokuwa vigumu na vya kunata. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, usiithubutu, ichemshe mpaka iwe laini. Muwa uache kwa muda, hindi la kuchoma lipukuchue. Miiba ya dagaa haina neno, ila itajikunja kwenye waya na utatoka nayo mchana kutwa bila kujua, kwa hiyo beba mswaki dukani.

Kuna uwezekano baada ya vipimo ukaambiwa mfupa umepungua mno au gharama haibebeki. Haitakuwa mwisho wa kula. Utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania na kuchapishwa 2003 ulionyesha kuwa watu waliopungukiwa na magego, maadamu magego yao madogo (yaliyo kati ya chonge na magego makubwa) yamekamilika na angalau jozi moja ya magego makubwa inakutana, hutafuna vya kutosha. Ikifika huko mimi ningeridhika na kazi ndogo: fizi zipone, komeo lichongwe, upande mmoja usimamishwe vizuri uwe wa kusagia, na mwanya uzuiwe usiendelee. Ukifunga waya nzima, mwishoni utabandikiwa uzi mwembamba wa chuma nyuma ya meno ya mbele, na huo ni wa kudumu. Meno yaliyowahi kuhama hukumbuka njia.

Na yale meno ya kwenye glasi usiyatupe. Yatie kwenye kikopo uende nayo siku ya vipimo. Yalitengenezwa kwa nafasi ya siku ile. Daktari akiyajaribisha leo ataona kwa macho meno yako yamesogea kiasi gani tangu hapo, na kama bado yanatembea.